Mwaka Niliofua Nyumba ya Herbert Tolley

Mwezi uliopita binti yangu alikuwa ananirudisha nyumbani Lakeville kutoka kwa daktari wa macho, na kwa kuwa barabara kuu ilikuwa na matengenezo tukakatiza mitaa ya Saint Paul. Nilimwambia apunguze mwendo tukifika penye kanisa la mawe ya manjano. Tulipofika, kanisa halikuwepo. Palikuwa na uzio wa waya, shimo, na tingatinga limeegeshwa juu ya theluji iliyochafuka. "Simama hapa," nikamwambia. "Mom, I can't, there's no parking," akajibu, maana wanangu Kiswahili wanakielewa vizuri sana, ila kukijibu ndiyo kazi. Nikafungua mlango kwenye taa nyekundu nikashuka hivyo hivyo, mwanamke mzima niliyepita hamsini, dawa ya daktari bado imenitia ukungu machoni, nikaushika ule waya nikachungulia shimo. Aliniita mara tatu. Niliporudi garini akasema, "It's just an old church. We never even went there." Kweli, hatukuwahi kusali pale. Nikanyamaza hadi Lakeville, na kwa kuwa mimi si mtu wa kunyamaza, binti yangu alidhani daktari ameniambia jambo baya.

Daktari hakusema baya lolote; nina mtoto wa jicho, atatolewa, basi. Kilichonifunga mdomo ni kwamba kanisa lile lilikuwa jengo la mwisho. Mtu aliyelichora alikuwa Mwingereza aitwaye Herbert Tolley, aliyekuja Minnesota mwanzoni mwa karne iliyopita, na sasa hakuna hata tofali moja la kazi yake lililosimama juu ya jingine, angalau katika yale niliyoyajua mimi. Sikuwahi kumwona. Alikufa kabla sijazaliwa. Lakini niliishi mwaka mzima na binti yake, na mwaka huo nilimtendea marehemu kosa ambalo sijawaeleza wanangu hadi leo. Mambo ya ukoo wangu na jinsi nilivyofika Amerika nitayaacha. Habari za viza na uwanja wa ndege zimeshasimuliwa hadi zimechakaa. Naanzia chumbani.

Chumba changu kilikuwa darini, katika nyumba ya mbao iliyokuwa mtaa wa nyuma huko Saint Paul. Wakala wa kutunza wazee alinipeleka pale mwezi wa kumi na moja, kazi ya kulala huko huko, siku sita kwa wiki. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Dari ilikuwa imeinama pande zote mbili, kwa hiyo ungeweza kusimama wima katikati tu, kwenye kijia chembamba kati ya kitanda na kabati, na mimi si mfupi. Bomba la kupasha joto liligonga ukutani kila lilipowaka. Kufikia Krismasi barafu ilikuwa imejijenga upande wa ndani wa dirisha, nami nilikuwa nikiikwangua kwa kijiko cha chai ili nione kama kuna mtu anapita barabarani. Mara nyingi hakukuwa na mtu. Nilikuwa mpweke, na nasema hivyo bila kuzungusha. Nilikuwa mpweke kiasi kwamba yule mama wa kwenye simu, sauti iliyorekodiwa tu, aliyenisomea salio la kadi yangu ya kupigia, nilimjibu, nikamwambia asante. Kila Jumamosi nilimpigia mama yangu Kisii nikamwambia ninafanya kazi katika hospitali kubwa yenye lifti nne. Mama aliwahesabia majirani zile lifti. Niliporudisha simu mahali pake nilishuka kwenda kumbadilishia Miss Tolley shuka.

Nilimwita Miss Tolley kwa sababu ndivyo alivyotaka. Siku ya kwanza nilimwita Bibi, kwa heshima ya kwetu, akaniuliza kama anaonekana mtu mwenye wajukuu. Alikuwa na miaka themanini na sita, mrefu, mkavu, hajawahi kuolewa, alifundisha jiografia shuleni maisha yake yote. Macho yalikuwa yamemwishia. Aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Lakini masikio! Mwanamke yule angeweza kusikia panya akipiga miayo. Alijua kwa mlio wa kijiko kama nimeongeza sukari ya pili. Chakula chake kilikuwa mkate uliochomwa na jemu ya machungwa asubuhi, viazi vya kuchemsha mchana, na njegere za kopo ambazo sijui zilimkosea nini Mungu. Nilipojipikia ugali kwa unga wa mahindi wa dukani, akaomba kuonja, akatafuna kwa muda mrefu, akasema, "Hiki kimekusudiwa kuliwa na kitu kingine, nadhani." Tuligombana juu ya chai. Yeye aliimwagia maziwa baridi juu. Mimi niliichemsha pamoja na maziwa, kama binadamu. "Unaipika kama supu," alisema. Nikamwambia yeye anaikoroga kama dawa. Hapo ndipo nilipomsikia akicheka mara ya kwanza, na nilipanda darini siku hiyo nikiwa nimeshiba.

Saa tisa alasiri tulisoma michoro. Ndivyo alivyosema mwenyewe, "kusoma." Chini ya ngazi kulikuwa na makasha marefu ya bati, na ndani yake michoro ya baba yake, imekunjwa kama mikeka. Haikuwa ya karatasi. Ilikuwa ya kitambaa, kitani chembamba cha rangi ya samawati iliyopauka, kilichopakwa wanga hadi kikawa kigumu na kung'aa, na juu yake mistari ya wino mweusi, myembamba na iliyonyooka hivi kwamba niliogopa kuipumulia. Miss Tolley alinieleza kwamba zamani wachoraji wote wa majengo walimalizia kazi kwenye kitambaa, kwa kuwa karatasi hupasuka na kitambaa hudumu. Nilikitandaza mezani, kikalia kama majani makavu yanayokanyagwa, nami nikaanza: mlango hapa, ngazi sita, madirisha manne yenye vichwa vya mviringo. Yeye alikaa na kikombe chake, macho yamefumbwa, akinirekebisha. "Matano. Moja liko nyuma ya mnara." Nikahesabu upya. Matano.

Kwa njia hiyo, alasiri baada ya alasiri, nilimjua Herbert Tolley. Alikuwa mtoto wa mwashi katika mji mdogo wa Uingereza, akajifunza uchoraji kwa mkufunzi mmoja kwa miaka mitano, akapanda meli hadi Kanada na gari moshi hadi Saint Paul kwa sababu mtu fulani alimwandikia kwamba huku wanajenga mji kila mwezi. Alikuta kweli wanajenga. Akaajiriwa katika ofisi ya wabunifu wakubwa, akapewa kiti kirefu karibu na dirisha, na kwenye kiti hicho alikaa miaka thelathini. Alichora benki, shule, makanisa, ukumbi wa mahakama wa wilaya moja huko kusini. Lakini desturi ya ofisi ilikuwa kwamba mchoro hutiwa jina la mwenye ofisi. Yeye alichora kila mstari, na kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, likaandikwa jina la mtu mwingine. Miaka ya ukata ilipokuja ofisi ikafungwa, naye akamalizia maisha yake akiichorea serikali makalvati, yale mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara. "Makalvati mazuri," alisema Miss Tolley. "Lakini hakuna anayesimama kutazama kalvati." Nilimfikiria sana mtu yule. Mimi pia nilikuwa na fomu ya kujaza kila siku, nimeosha nini, nimelisha nini, na chini ya ukurasa kulikuwa na nafasi ya sahihi ya msimamizi, aliyekaa ofisini huko Eagan na hakuwahi kuniona nikifanya kazi.

Mchoro mmoja tu ulikuwa na jina lake. Huo tuliusoma Jumapili peke yake, nikirudi kutoka kanisani. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali aliyokuwa amemwahidi mama yake kule Uingereza. Siku atakaporudi, angemjengea. Chumba cha kulala kilikuwa chini, kwa kuwa mama aliumwa magoti. Dirisha la jikoni liliangalia barabara, ili amwone mleta barua akiwa bado mbali. Kulikuwa na kibaraza cha kuwekea viatu vyenye tope, na ua wenye mti mmoja aliouchora jani kwa jani. Kwa kuwa hakuna aliyemwagiza wala kumlipa, hakuna wa kuudai. Kwenye kona aliandika mwenyewe, Herbert Tolley, Mbunifu. Hakurudi. Mama yake alifia kwenye chumba cha kupanga, na habari zikamfikia kwa barua wiki tatu baadaye. Mara ya kwanza niliposoma mchoro ule kwa sauti, lile dirisha nililisoma mara mbili, maana mimi pia nilikuwa nimemwahidi mama nyumba. Mwana wa diaspora gani hajaahidi.

Mwezi wa pili nilisikia mazungumzo ambayo hayakuwa yangu. Miss Tolley alikuwa na mpwa, Janet, mtoto wa marehemu dada yake, mwanamke mwenye mikoba mingi aliyekuja kila baada ya wiki mbili kumshauri auze nyumba. Nilikuwa ngazini na kikapu cha nguo. "Aunt Dorothy," Janet alikuwa akisema, "babu alikuwa karani wa kuchora. Watu wa chuo kikuu watafanya nini na makasha ya karani?" Miss Tolley akamjibu polepole kwamba amewapigia simu, kwamba mtu wao wa kuhifadhi kumbukumbu atakuja mwezi wa nne, na kwamba kama atathibitisha kuwa kazi zile ni za mkono wa Herbert Tolley, zitahifadhiwa kwa jina lake. "Na utathibitishaje? Zote zina jina la ofisi." "Si zote," akasema Miss Tolley. "Nina ile ya nyumba. Mwandiko ni ule ule, mti ni ule ule, na jina ni lake. Wataziweka pamoja na wataona." Kisha akasema jambo ambalo nililibeba darini pamoja na kikapu: "Janet, nikifa mimi hakuna mtu hai atakayejua kwamba aliwahi kuchora kitu. Nina kitambaa kimoja tu."

Sasa nieleze nilichofanya. Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa tatu, theluji imeanza kuwa uji. Miss Tolley alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana, na mimi, badala ya kupumzika, nikautoa ule mchoro wa nyumba nijitazamie peke yangu. Niliutamani, huo ndio ukweli. Niliutandaza mezani na kikombe changu cha chai pembeni. Bomba likagonga, nikashtuka kama mtu ambaye hajalisikia kwa miezi mitano, kiwiko kikapiga kikombe. Chai ya maziwa, yenye sukari, ikaenda moja kwa moja kwenye ua. Mtu aliyelelewa kwetu hahitaji kufikiri hapo. Doa la chai ya maziwa halisubiri, likikauka umelioa. Nami nilikuwa nimekulia kwenye leso. Tangu nibebwe mgongoni nimekuwa nikiona kitambaa chenye mistari, maua na maandishi, na leso unaifua, unaichemsha, unaianika juani miaka kumi, kitambaa kinachoka lakini methali yake bado inasomeka. Kwangu mimi nguo iliyoandikwa ilikuwa nguo. Nikakimbia nayo chini penye mashine ya kufulia, nikajaza beseni maji ya vuguvugu, nikatia sabuni ya unga, nikailoweka, nikapanda kupangusa meza. Nilikuwa hata nimeridhika na wepesi wangu.

Niliporudi, maji yalikuwa ya kijivu. Niliinua kitambaa kikaning'inia mkononi, cheupe, laini, kinachuruzika. Wanga ulikuwa umeyeyuka, na wino, ambao kumbe ulikaa juu ya wanga tu, ulikuwa umeondoka nao. Hakukuwa na mti. Hakukuwa na dirisha. Kwenye kona nilitafuta jina, nikakivuta kitambaa kwenye balbu, nikaona nyuzi. Sijui nilikaa sakafuni kwa muda gani. Kisha, na hili ndilo linalonitia aibu kuliko yote, nilikikausha na kukipiga pasi. Kilitoka kizuri. Ungeweza kumfunikia mtoto mchanga. Nikakikunja nikakirudisha kwenye kasha la bati.

Jumapili iliyofuata nilimweleza Rodah, rafiki yangu aliyenitafutia ile kazi, baada ya ibada, kwenye ukumbi wa kanisa huko Plymouth, tukiwa na sahani za pilau mapajani. Sikumweleza yote, nilisema nimeharibu kitu cha mama yule, kitu cha baba yake. Rodah akaacha kutafuna. "Ameona?" "Haoni." "Basi wewe unaongea nini? Moraa, skiza. Usi-confess kitu. Hawa watu wata-sue hadi viatu vyako. Agency wakisikia wanaku-terminate kesho, na ukiwa terminated unalala wapi, kwa gari yangu? Piga shift zako, nyamaza, nikipata opening huku kwa nursing home nitakuambia." "Rodah, lakini ni kitu cha marehemu." "Marehemu hana lawyer," akasema, akaniongezea kachumbari. Ulikuwa ushauri wa mtu anayenipenda, na niliufuata.

Kwa hiyo saa tisa Jumapili ile, aliposema "Haya, tusome nyumba," nilikileta kile kitambaa cheupe, nikakitandaza, nikaanza. Mlango uko katikati. Ngazi tatu. Nilikuwa nimeusoma mchoro ule mara nyingi, niliukumbuka vizuri. Jumapili ya kwanza nilisoma kwa uaminifu, kila kitu mahali pake, jasho likinitoka mgongoni. Ya pili vilevile. Lakini kumbukumbu ya mtu mpweke haitulii. Jumapili ya tatu nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba jikoni iko nyuma, imejitenga na nyumba. "Imejitenga?" akauliza Miss Tolley. Nikasema ndiyo, ili moshi usiingie vyumbani. Akasema, "Endelea." Nikaendelea. Nikaweka benchi ukutani wanapokaa wageni wasiotaka kuingia ndani. Nikaweka tangi la maji ya mvua. Ya tano nikaweka ndizi nyuma ya ua, na mama aliyekaa kibarazani anatoa mahindi kwenye magunzi, na nilipofika hapo nilikuwa nikilia bila sauti na nikidhani hajui. Nusu saa ile ikawa ndiyo wakati pekee wa wiki ambao sikuwa Saint Paul. Nilijidharau kwa kumdanganya kipofu, na nilizisubiri Jumapili zile kuliko mshahara.

Mtu wa kumbukumbu alikuwa aje Jumatano ya mwezi wa nne. Jumamosi kabla yake nilimpigia mama kama kawaida, akaniuliza habari za hospitali, akaniambia jirani fulani ana binti anayetafuta kazi kama yangu, nimwulizie. Nikajibu nitaulizia. Nikakata simu. Nilikuwa nimechoka kusema uongo kwa wanawake wawili wazee walioniamini. Nikashuka jikoni. Miss Tolley alikuwa mezani, anamenya yai kwa vidole, taratibu, kama alivyofanya kila kitu.

"Miss Tolley," nikasema, "ule mchoro wa nyumba niliufua."

Akaendelea kumenya. "Najua."

"Unajua?"

"Tangu Jumapili ya kwanza. Uliutandaza na haukulia." Akaweka maganda kwenye kisahani. "Kitani chenye wanga hulia, Moraa. Kitani kilichofuliwa hakisemi kitu. Nimekuwa nikikisikia kitambaa kile tangu nikiwa na miaka minne."

Nikakaa bila kukaribishwa. Nikamweleza chai, beseni, leso na methali zake. Alisikiliza lile la leso kwa makini, kichwa amekiinamisha. Kisha akaniambia kwamba miaka ile ya ukata, ofisi ilipofungwa na baba yake akaja nyumbani na michoro mikoba miwili, mama yake alifua mingi. Wake wa wachoraji wote walifanya hivyo. Kitani kile kilikuwa kizuri kuliko walichoweza kununua. Yeye na dada yake walivaa sketi za ndani zilizokuwa benki. Alipangusia pua ukumbi wa mahakama. Alicheka kidogo aliposema hivyo, nami kwa ujinga wangu nikacheka pia, nikidhani yamekwisha. Akaacha kucheka.

"Baba mwenyewe alimpa mama ile aliyoifua," akasema. "Ule mmoja alimkataza. Hatukuwa na mashati, na alimkataza. Nami nilikuambia ni nini, nilikuambia Jumapili baada ya Jumapili. Ungekuja siku ile ile ningekupigia kelele na tungemaliza. Umekaa hapo wiki nzima nzima ukinisomea nguo tupu."

"Kwa nini hukunisimamisha?"

"Mwanzo nilitaka kujua utaendelea hadi lini. Nilikuwa na hasira nikataka ujichimbie." Akatafuta chumvi, nikamsogezea, akausukuma mkono wangu. "Baadaye ukaanza kusema habari za ile jikoni ya nje. Sikuwa nimeandaliwa kwa ile jikoni. Toka sasa, tafadhali. Nataka kula yai langu."

Hakunisemesha Jumapili, wala Jumatatu, wala Jumanne, isipokuwa "maji," "blanketi," na "si hivyo." Saa tisa hakikusomwa kitu. Sijawahi kuwa mpweke hivyo, kabla wala baada, na nimeshazika mume. Nilipanga begi langu. Nililiweka mlangoni darini, tayari, kwa sababu Janet alikuwa amesema atakuja Jumatano kukutana na mtu wa chuo, na nilijua mambo yatakavyokwenda: watauliza mchoro uko wapi, Miss Tolley atasema yule msichana ameufua, Janet atampigia simu wakala akiwa bado amesimama sebuleni. Na lingekuwa haki yao. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba sikuwa na hata mtu wa kumlaumu.

Jumatano walikuja wote wawili saa nne asubuhi. Mtu wa kumbukumbu alikuwa kijana mpole mwenye tai ya sufu, akavaa glavu nyeupe mlangoni kama daktari. Nilipika chai, ya kwao, nikasimama na trei karibu na mlango wa jikoni. Akafungua kasha baada ya kasha, akatandaza, akashangilia kwa dhati; alisema hajawahi kuona mkono safi kama ule. Kila kona alisoma jina la ofisi. Alipomaliza akasema, kwa adabu sana, kwamba wangefurahi kuichukua yote, lakini kwa jina la Herbert Tolley wangehitaji kitu kimoja, chochote, chenye sahihi yake. Alikuwa ameelezwa kwenye simu kwamba kipo. Janet akasema, "Ile nyumba, Aunt Dorothy. Iko wapi?"

Trei ilianza kulia mikononi mwangu. Vijiko vyote vilisikika. Miss Tolley akageuza uso kuelekea mlio ule, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nikahisi ananitazama.

"Haipo tena," akasema. "Ilifuliwa."

"Ilifuliwa?" Yule kijana alionekana kama ametangaziwa msiba. "Lini? Na nani?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nakwenda kusema, naapa nilikuwa nakwenda kusema, lakini aliinua mkono kidogo kutoka kwenye kiti, kama anayemnyamazisha mwanafunzi.

"Na mtu wa nyumba hii," akasema. "Katika familia yetu wanawake wamefua michoro tangu zamani, kijana. Hatujivunii. Andika unachoweza kuandika."

Janet akaguna, akisema alikuwa anajua tu kwamba bibi yake, mama wa Miss Tolley, ndiye aliyeifua, enzi zile, na Miss Tolley hakumsahihisha. Kijana akavua glavu, akakaa mezani, akatoa fomu. Nilielewa wakati ule alichokuwa amefanya, na bei yake. Jina langu mimi lilikuwa limeokoka. Kijana alianza kujaza nafasi ya mchoraji kwa jina la ofisi, jina refu, la watu watatu, na Miss Tolley akakaa wima kwenye kiti chake, mikono mapajani, akiisikiliza kalamu mpaka iliponyamaza.